Faragha ya Ghafla ni Amana: Nasaha kwa Wanachuo na Wazazi Wao

(Maandishi ya mawaidha yaliyotolewa mbele ya waumini, Rubya, wilayani Muleba, mkoani Kagera)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Sahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baad.



Tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo halina tarehe katika kalenda ya chuo chochote. Nalo ni ile siku ambayo chuo kinafungwa kabla ya wakati wake, na kijana anasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam au Morogoro hadi huku kwetu, begi begani, mitihani haijafanywa na tarehe ya kurudi haijulikani. Huenda mtu akauliza: mbona tunalisema hili wakati vyuo viko wazi? Jibu letu ni kuwa nyumba huezekwa kiangazi. Anayesubiri mvua inyeshe ndipo atafute nyasi, hulala ameloa.

Jambo hili si geni

Kwanza tufahamu kuwa kufungwa kwa vyuo ghafla si tukio la mara moja. Wakubwa zetu wanakumbuka kuwa Mei 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungwa na Serikali kufuatia mgomo wa wanafunzi, na masomo hayakuanza tena hadi mwanzoni mwa 1991. Kwa majirani zetu wa Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Novemba 2008 wanachuo wa vyuo vikuu kadhaa vya umma hapa nchini walirudishwa makwao kwa sababu ya migomo iliyohusu mikopo. Ng'ambo ya mpaka wetu wa kaskazini, Chuo Kikuu cha Makerere kilifungwa Novemba 2016 na kufunguliwa Januari 2017.

Kisha ukaja mwaka 2020, ambao kila mmoja wetu anaukumbuka. Tarehe 17 Machi Serikali ilitangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya maradhi ya Korona, na siku iliyofuata tangazo likavihusu vyuo. Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni. Ukihesabu kuanzia tangazo la vyuo hadi kufunguliwa utapata siku 75. Ndani ya siku hizo ilipita Ramadhani yote ya mwaka 1441 Hijria, na Idi ikasaliwa vijana wakiwa makwao.

Sababu za kufungwa zinatofautiana, na kuzijadili si kusudio letu. Tunachouliza ni hiki: zile siku 75 zilikwenda wapi?

Neema inayopunjwa

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa ziko neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo, nazo ni afya na faragha. Neno la Kiarabu lililotumika hapo limetoka sokoni. Ni neno la mtu aliyeuza mali yake chini ya thamani, au aliyenunua kwa zaidi ya thamani, kwa kuwa hakujua alichokuwa nacho mkononi. Basi faragha ni mtaji, na mwenye mtaji anaweza kuibiwa mchana kweupe akiwa anacheka.

Aidha, mwishoni mwa sura ya 94 ya Qur'an tunapata mwongozo kuwa mtu akimaliza shughuli moja asimamie nyingine kwa juhudi. Kwa Muislamu, faragha ni nafasi iliyopo kati ya kazi na kazi, na nafasi hiyo imo ndani ya hesabu ya amali zake kama siku nyingine zote.

Waliotutangulia katika faragha

Tutoe mifano miwili, mmoja wa kwetu Waislamu na mwingine wa wasiokuwa sisi, kwani hekima haina mipaka.

Mwanachuoni Ibn Khaldun alikuwa mtu wa siasa na kasri za watawala. Mnamo 1375 alijitenga na misukosuko hiyo akaishi katika ngome ya Qal'at Ibn Salama, mahali palipo katika nchi ya Algeria ya leo. Alikaa huko karibu miaka minne, na mwaka 1377, kwa muda wa miezi mitano, akaandika Muqaddima, kitabu ambacho hadi leo wasomi wa historia na jamii hukirejea. Ngome ile haikuwa na maktaba kubwa. Aliandika kwa yale aliyoyabeba kichwani, kisha akaenda Tunis penye vitabu ili kuthibitisha na kukamilisha.

Mfano wa pili ni Isaac Newton wa Uingereza. Mwaka 1665 Chuo Kikuu cha Cambridge kilifungwa kwa sababu ya tauni, naye akarejea kijijini kwao Woolsthorpe. Katika muda ule wa nyumbani, uliomalizika 1667, alipiga hatua kubwa katika hisabati, katika elimu ya mwanga na katika kufikiri juu ya nguvu inayovuta vitu.

Vijana wetu mzingatie jambo moja katika mifano hii. Likizo haikuwapa watu hawa akili mpya. Kila mmoja wao alifika nyumbani na swali ambalo tayari lilikuwa likimsumbua, na faragha ikampa muda wa kulifuata. Anayekwenda nyumbani bila swali hurudi chuoni bila jibu, hata akipewa mwaka mzima. Na yule anayelalamika kuwa kijijini hakuna intaneti wala maktaba, basi amkumbuke mtu aliyeandika ngomeni.

Tuliyoyaona mwaka 2020

Hapa kwetu vijana waliorejea waligawanyika. Wapo waliolala. Siku za kwanza walisema wanapumzika, na kupumzika ni haki ya mwili. Lakini wiki ikawa mwezi, usiku ukawa mchana na mchana ukawa usiku, simu haitoki mkononi, na sala ya alfajiri inapita wakiwa kitandani. Tabia ya kamari za mpira, hizi ambazo vijana huziita mikeka, imeteketeza fedha za kujikimu za wanachuo wengi, ambazo nazo ni mkopo na zitalipwa. Mtu anakopa, anacheza kamari kwa alichokopa, kisha anashangaa kuwa hana baraka.

Wapo waliokaa kama wageni. Mama anachota maji, baba anapalilia, na msomi amekaa barazani akisubiri chai. Huyu hakufanya fujo wala hakumtukana mtu, lakini alikuwa mzigo juu ya migongo iliyokwishachoka kwa ajili yake.

Na wapo, Alhamdulillah, ambao siku zile zilikuwa kheri kwao na kwa watu wao. Shule za msingi na sekondari zilikuwa zimefungwa, na madarasa mengi hayakurudi hadi tarehe 29 Juni. Wanachuo wachache walikusanya watoto katika makundi madogo, chini ya mti, kwa kukaa mbalimbali, wakawafundisha hisabati na Kiingereza asubuhi, na herufi za Qur'an jioni. Hakuna aliyewalipa. Watoto wale waliporudi shuleni hawakuanza upya.

Hoja yetu ya leo imejengwa juu ya tofauti hiyo. Likizo ya ghafla humrudisha kijana kwa watu waliompeleka chuo. Njia bora ya kuitumia ni kuwapa watu hao kitu katika kile alichokwishakisoma, na kuchukua kutoka kwao kile ambacho chuo hakiwezi kumpa.

Elimu irudi kibanjani

Tuanze na jambo linaloumiza mkoa wetu, nalo ni butura. Hakuna mkulima wa Kagera asiyelijua neno hili. Mzee ana shida, kahawa ingali maua au mbichi mtini, anakuja mwenye fedha anainunua kwa bei ya mwenye njaa. Mavuno yakifika, mwenye shamba anabaki na majani.

Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla haujadhihiri wema wake, yaani kabla hayajafikia hali ya kutarajiwa kuwa salama. Aliruhusu malipo ya mbele kwa sharti kuwa kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Butura kwa kawaida haina hata kimoja katika hivyo. Inauzwa miti kwa kukisia kwa macho, na wa kupunjika ni yule yule mnyonge.

Sasa, ewe unayesoma biashara, uhasibu au sheria, umerudi nyumbani katika miezi ya kabla ya mavuno. Kaa na baba yako, uchukue daftari. Muulize mwaka jana miti ile ilitoa kahawa kiasi gani na iliuzwa shilingi ngapi katika chama cha ushirika. Tuchukulie kwa mfano kuwa anapewa shilingi 50,000 sasa kwa kahawa itakayokuwa na thamani ya shilingi 120,000 baada ya miezi mitatu. Mwonyeshe kwa kalamu kuwa amelipa shilingi 70,000 ili apate 50,000. Kisha msiishie kwenye hesabu. Tafuteni pamoja njia nyingine: kupunguza matumizi, kuuza kitu kingine, kukopeshana baina ya ndugu bila riba, au waumini kuwa na mfuko mdogo wa kusaidiana katika miezi hiyo migumu.

Na ulifanye hili kwa adabu kubwa, bila kumkemea mzee. Huenda butura ya mwaka juzi iliuzwa ili kupata nauli yako wewe ya kwenda chuo. Wapo hapa miongoni mwetu wazee ambao usomi wa watoto wao umelipwa na kahawa ambayo haikuwahi kufika ghalani mwao.

Vivyo hivyo migomba. Ugonjwa wa mnyauko uliingia mkoani kwetu katikati ya miaka ya 2000 na umeangusha vibanja vilivyolisha vizazi. Mwanachuo wa kilimo kutoka Sokoine, Morogoro, anajua kuwa wadudu huubeba ugonjwa huu kupitia ua dume, na kuwa panga lililokata mgomba mgonjwa huupeleka kwenye mzima. Basi awaonyeshe majirani namna ya kuvunja ua dume mapema kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata kwa panga, na namna ya kupitisha panga kwenye moto kabla ya kwenda mgomba wa pili. Somo hili halihitaji ukumbi wala kipaza sauti. Linahitaji kijana asiyeona haya kuchafua viatu.

Anayesoma afya naye ana nafasi yake. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani kwetu, na ulitangazwa kumalizika tarehe 2 Juni mwaka huo huo. Siku kama hizo uvumi hukimbia kuliko ugonjwa wenyewe, na sauti ya kijana wa kijiji anayeelewa mambo husikilizwa kuliko tangazo la mbali. Na ikiwa chuo kimefungwa kwa sababu ya maradhi, wajibu wa kwanza wa anayerejea ni kutowaletea madhara wazazi wake. Mtume (s.a.w.) alifundisha kuwa nchi iliyo na tauni isiingiwe, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Sayyidna Umar (r.a.) alipopata habari ya tauni ya Sham alirudi Madina na jeshi lake. Basi kijana akiwa na dalili, ajitenge na kutafuta matibabu kabla hajawakumbatia bibi na babu.

Na mkono uchukue kalamu na jembe

Tulisema pia kuwa kijana achukue kutoka kwa watu wake. Kwanza achukue jembe. Imam Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa nguo na elimu yake haikupungua kwa hilo. Kijana anayelima asubuhi na kusoma jioni hujifunza thamani ya shilingi anayotumiwa chuoni.

Kisha achukue kalamu. Wazee wetu wamebeba vifuani mambo ambayo hayakuandikwa popote: mipaka ya kibanja inapita wapi, nani alipewa sehemu gani na marehemu babu, nani anadai na nani anadaiwa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Ni ajabu kwamba tuna vijana wanaoandika tasnifu za kurasa nyingi, ilhali katika nyumba zao hakuna karatasi moja inayoeleza deni la baba. Ni ugomvi wa mirathi mingapi ungezimwa kama mtoto msomi angekaa jioni tatu na mzee wake, mbele ya mashahidi waadilifu, akaandika! Mzee akishaondoka, hakuna chuo kitakachofundisha somo hilo.

Binti zetu

Wazazi wenzetu, neno hili ni lenu. Kijana wa kiume akirejea, huambiwa apumzike. Binti akirejea, hukabidhiwa jiko, maji, wadogo zake na wagonjwa, kuanzia alfajiri hadi usiku, na kitabu chake hakifunguliwi. Kumsaidia mama ni ibada, lakini ibada hiyo si ya watoto wa kike peke yao. Mwana wa kiume naye ana mikono. Mpeni binti yenu angalau saa mbili kila siku ambazo hakuna atakayemwita.

Aidha, likizo isiyo na mwisho unaojulikana huleta maneno ya haraka: eti chuo hakitafunguliwa, afadhali aolewe. Ndoa ni kheri na hatuipingi. Lakini ridhaa ya binti ni sharti, na haifai kumkatisha masomo kwa sababu ya hofu ya miezi miwili. Uganda shule zilifungwa kuanzia Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, na mabinti wengi huko hawakurudi darasani tena. Hilo na litutoshe kuwa funzo.

Mpango wa siku 75

Mwisho, tuweke mambo katika hesabu ili kila mtu aondoke na kitu mkononi.

Kwanza, siku tatu za mwanzo ni za kupumzika, kusalimia wazee na kuzuru wagonjwa. Siku ya nne uandike mpango. Usisubiri kujua tarehe ya kufunguliwa. Panga kwa wiki mbili mbili, ili chuo kikifunguliwa kesho uwe umekamilisha kitu.

Pili, tenga saa mbili kwa ajili ya masomo yako ya chuo. Saa mbili kwa siku 75 ni saa 150. Baada ya alfajiri ndio wakati bora, akili ikiwa safi na nyumba imetulia. Ukienda Muleba au Bukoba mjini, pakua masomo ya wiki nzima kwa mara moja, kisha uzime simu. Kifurushi kitakutosha na muda utakutosha.

Tatu, weka fungu la Qur'an. Juzuu Amma katika msahafu wa chapa ya Madina ina kurasa 23. Ukihifadhi ukurasa mmoja kwa siku tatu, utaimaliza kwa siku 69, na utabakiwa na siku sita za kurudia. Aliyekwisha kuihifadhi asome maana zake. Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy alikuwa mwalimu wa shule na mtu wa shughuli nyingi, na tafsiri yake kamili ya Kiswahili iliyotoka 1969 ingali mikononi mwetu. Hana udhuru asemaye kuwa hajui Kiarabu.

Nne, chagua huduma moja tu kwa watu wako na uitimize: watoto kumi wa kuwafundisha, au daftari la madeni na mipaka ya familia, au vibanja vitano vya majirani vya kukagua mnyauko. Usichague vitano ukaacha vyote njiani. Amali iliyo ndogo na ya kudumu ndiyo ipendwayo zaidi.

Tano, kila Ijumaa jioni ujihesabu kabla hujahesabiwa. Andika ulichofanya na ulichoacha. Ukiona wiki imepita bure, usikate tamaa. Anza tena Jumamosi.

Nanyi wazazi, msimuulize kijana kila asubuhi chuo kitafunguliwa lini, kwani halijui hilo. Muulizeni jana amefanya nini. Mpeni kazi, mpeni pia nafasi ya kusoma, na mkubali kufundishwa naye katika anachokijua. Mtoto mliyemsomesha kwa jasho ana haki ya kusikilizwa nyumbani kwake.

Ndugu zetu, mlango wa chuo unaweza kufungwa na mgomo, maradhi au amri ya mwenye mamlaka. Mlango wa kheri haufungwi na yeyote kati ya hao. Kijana aliyerudi nyumbani akamwokolea baba yake kahawa ya msimu mmoja, au akamfundisha mtoto mmoja kusoma, amewalipa waliompeleka sehemu ya deni lao kabla hata ya kupata shahada.

Tunamuomba Allah (s.w.) abariki muda wetu na elimu zetu, awahifadhi wanachuo wetu popote walipo, awape wazazi wetu malipo ya subira yao, na asitujaalie kuwa miongoni mwa waliopunjika katika neema zake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.